Spea na zana za kubeba unaposafiri mbali na Peugeot 504

Swali: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1977, sedani ya petroli yenye kabureta, niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Hapa Dar es Salaam inatembea vizuri, na mwezi wa Desemba ninakusudia kwenda nayo Mbeya pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Marafiki wamenipa orodha za spea ambazo nikizifuata zote hapatabaki nafasi ya begi hata moja. Nibebe spea na zana zipi, nini nikiache, na je, nichukue petroli ya akiba kwenye dumu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Orodha nyingi zinazosambaa kuhusu safari za magari ya zamani zimetoka Ulaya, ambako spea huagizwa leo na kufika kesho, lakini fundi wa kando ya barabara ni adimu. Ndiyo maana zimejaa zana. Kwetu hali ni kinyume. Katika kilomita zipatazo 830 kati ya Dar es Salaam na Mbeya utapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, na kila mahali pana mtu anayechomelea, anayeziba pancha, na anayeweza kufungua injini akiwa na spana chache. Asichokuwa nacho ni spea za gari lako, kwa sababu maduka ya huko yamejaa vitu vya Toyota na vya malori. Kwa hiyo nafasi kubwa ya buti lako iwe ya spea, na zana ziwe zile tu ambazo fundi wa njiani hana.

Jambo la pili la kulielewa kabla hujanunua chochote ni kile hasa kinachoweza kulisimamisha gari hili. Ove Andersson alishinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 kwa toleo la kupe lenye injini ya V6, katika barabara ambazo zilivunja magari mengi. Vyuma vyake, yaani springi, difu, gia na bodi, vilitengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, na kwenye lami ya kwenda Mbeya havitakusumbua ikiwa vilikuwa vizima ulipoondoka. Kinachozeeka katika gari la mwaka 1977 ni mpira, waya, na sehemu ndogo za umeme. Vitu hivyo ni vyepesi, vinaingia katika sanduku moja, na karibu vyote vinaweza kufungwa chini ya mti. Anayekuambia ubebe shokapu nne, springi na stata nzima anakubebesha kilo nyingi kwa ajili ya hitilafu ambazo ama hazisimamishi gari, ama zina njia nyingine. Stata ikifa, gari la kabureta linasukumwa na kuwaka.

Naomba ulizingatie hili kuliko yote nitakayoyasema: usibebe spea ambayo haijawahi kufanya kazi katika gari lako. Spea mpya za magari ya zamani zinazouzwa siku hizi hazilingani kwa ubora, na kondensa mpya kutoka dukani inaweza kufa siku ya kwanza wakati ile ya zamani ingedumu miaka mingine. Utaratibu ulio salama ni kununua mapema, mwezi wa Septemba au Oktoba, kufunga kile kipya kwenye gari, kukitumia kwa wiki kadhaa hapa mjini, kisha kukiweka sandukuni kile cha zamani kilichotolewa kikiwa kizima. Hapo utakuwa na viwili ambavyo vyote vimethibitishwa, na pia utakuwa umegundua mapema kama duka lilikuuzia kitu kisichoingia. Pa kuulizia kwanza ni Nairobi, kwa kuwa 504 iliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani yake mwaka 1983, na wauzaji wa zamani wa huko bado wanaifahamu.

Nianze na mfumo wa kuwasha, kwa sababu ndio unaosimamisha magari haya ghafla zaidi. Beba platini (swichi ndogo inayofungua na kufunga umeme wa cheche), kondensa, rota, kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi), koili, plagi nne, na waya mmoja wa plagi ulio mrefu kuliko wote, ambao utafaa silinda yoyote. Pamoja navyo weka fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi, maana platini zisizopimwa ni bure. Kwa distributa za aina hii uwazi ni karibu milimita 0.4, nawe uhakikishe kwa kitabu cha gari lako. Kisigino cha platini husagika haraka ikiwa kemu ya distributa ni kavu, kwa hiyo kichupa kidogo cha grisi kiwemo. Plagi za injini hii zimekaa ndani kabisa ya hedi na hufikiwa kwa spana ndefu. Hiyo ni zana ambayo fundi wa njiani huenda hana, nawe lazima uwe nayo. Tia namba kwenye waya zote za plagi na kwenye kifuniko cha distributa kwa rangi isiyofutika. Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kuanzia upande wa gurudumu la klachi, nyuma ya injini, wakati fundi aliyezoea Toyota huanzia mbele kwenye mkanda wa feni, na mtu akichomoa waya zote kwa pamoja kabla ya kuambiwa hivyo, mnaweza kupoteza nusu siku mkitafuta ugonjwa ambao haukuwepo.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kabisa ni ya kupoza injini, na hapa njia yako ina mtihani wake maalumu. Baada ya Ruaha Mbuyuni, ambako ni bondeni na kuna joto, barabara inapanda mlima Kitonga kwa kona kali, na mara nyingi utakuwa nyuma ya lori linalotambaa kwa gia ya kwanza. Injini yako itafanya kazi nzito huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa karibu na hakuna, hivyo kila kitu kitaitegemea feni. Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Inashikwa na sumaku ya umeme injini inapopata joto, na umeme huo hupitia swichi ya joto na brashi ndogo ya kaboni ambayo huisha kimyakimya. Mjini huenda usigundue kwamba haishiki. Kabla ya safari, acha injini iungurume gari likiwa limesimama mpaka joto lipande, ukaone kwa macho yako feni ikishika na kuachia. Beba brashi hiyo, beba swichi, na mwombe fundi wako wa Dar es Salaam akuonyeshe jinsi ya kuifunga feni izunguke wakati wote ikiwa umeme wake utakufa njiani. Kufungwa hivyo kunakula nguvu na petroli kidogo, lakini kunakufikisha Iringa.

Beba pia mikanda miwili ya feni, hosi ya juu na ya chini za rejeta, hosi ya hita, klipu za saizi mbalimbali, thamostati, na pampu ya maji nzima pamoja na gasketi yake. Pampu naihesabu kuwa ya lazima kwa sababu beringi yake ikichoka inaanza kuvuja na kupiga kelele, haitengenezeki kando ya barabara, na hakuna ya Toyota inayoweza kuingia mahali pake. Usikidharau kifuniko cha rejeta. Iringa iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni shinikizo linalotunzwa na springi na mpira wa kifuniko hicho. Kifuniko kilicholegea hakikuletei shida Kariakoo, lakini kitakuletea Kitonga. Nunua kipya chenye kiwango kilekile cha shinikizo kilichoandikwa kwenye kile cha kwanza. Mkiwa mnapanda na mshale wa joto ukaanza kusogea, washa hita mpaka mwisho na fungua madirisha yote. Watoto watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiendelea kusogea, simama mahali salama, usifungue kifuniko mpaka injini ipoe, na usimimine maji baridi ndani ya injini yenye moto, kwa kuwa hedi ya aluminiamu hupinda.

Kuhusu gasketi ya hedi, watu wengi hubishana, na msimamo wangu ni kwamba uibebe lakini usikubali ifungwe chini ya mti. Ni nyepesi, inalala bapa chini ya kapeti la buti kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, na haipatikani njiani. Hata hivyo, silinda za injini hii ni mikono ya chuma iliyosimama ndani ya maji na kuzibwa kwa chini, na hedi inapoondolewa mikono hiyo inaweza kuinuka, hasa mtu akizungusha injini. Ikiinuka, muhuri wa chini huharibika na maji huingia kwenye oili, na hapo umebadilisha tatizo la siku mbili kuwa la kufungua injini nzima. Kazi hiyo ifanyike katika gereji yenye sakafu, Morogoro, Iringa au Mbeya, na mwambie fundi mapema kwamba mikono ya silinda ibanwe kwa boliti na washa pana mara tu hedi inapotoka. Asikuambie kwamba anajua. Simama hapo mpaka uone imebanwa.

Kwenye petroli, beba filta tatu au nne ndogo za plastiki angavu, mita moja ya mpira wa petroli, klipu zake, na seti ya matengenezo ya pampu yenye kiwambo cha mpira. Ukipenda usalama zaidi, beba pampu ndogo ya umeme ya magari ya kabureta, iliyokwisha kuwekewa waya na klipu, ili pampu ya kawaida ikifa uiweke na kuendelea. Uwe macho na pampu utakayouziwa kwa haraka njiani. Kabureta inataka shinikizo la takriban 0.2 mpaka 0.3 la bar, lakini pampu za magari ya sindano (yasiyo na kabureta, ambayo petroli hupulizwa kwa shinikizo), zilizojaa madukani, hutoa karibu bar 3, yaani mara kumi. Ukiifunga, petroli itafurika kwenye kabureta juu ya injini yenye moto. Huo ni moto wa gari zima. Kwa sababu hiyohiyo kizima moto kisiwe ndani kabisa ya buti chini ya mabegi, kiwe karibu na kiti cha dereva, na kiwe kimekaguliwa. Injini ikizimika kwenye joto la bondeni na ikakataa kuwaka ingawa cheche zipo, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu au bomba lake. Kitambaa kilicholoweshwa maji kikazungushiwa pampu kwa dakika kadhaa mara nyingi kinatosha.

Breki hazihitaji spea nyingi, zinahitaji kazi kabla ya kuondoka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yaliyonyonya maji huchemka mapema; Kitonga uliyoipanda ukienda ndiyo utakayoishuka ukirudi, gari likiwa limebeba mchele wa Kyela. Badilisha mafuta yote ya mfumo, kagua hosi za mpira, kisha beba hosi moja ya mbele, seti za mipira ya masta ya breki, ya klachi na ya silinda za magurudumu, pamoja na nusu lita ya mafuta ya breki ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa. Mtu asikuongezee oili ya aina nyingine yoyote humo, hata kidogo, maana oili ya madini huvimbisha mipira yote ndani ya muda mfupi. Masta ya klachi ikikata, usihangaike sana: unaweza kuliwasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza na kulipeleka taratibu mpaka mji unaofuata.

Umeme wa chaji nitaupitia kwa haraka. Brashi za oltaneta, kidhibiti cha chaji, fyuzi, balbu na mita chache za waya vinatosha. Oltaneta ikifa mchana, mfumo wa kuwasha peke yake unakula umeme kidogo sana, na betri nzima itakuendesha kwa saa kadhaa ikiwa hutawasha taa wala redio. Usitembee usiku katika hali hiyo.

Matairi yanataka neno lake. Utaambiwa kwamba tairi za rimu 14 zimejaa kila mahali, na ni kweli, lakini nyingi ni fupi kwa kimo kuliko tairi asilia za 504. Tairi mbili zenye vimo tofauti kwenye ekseli ya nyuma huilazimisha difu kufanya kazi wakati wote, kwa hiyo akiba yako iwe ya saizi ileile ya zile nne. Isome tarehe yake kwenye ubavu: tarakimu nne za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na akiba nyingi za magari ya urithi zina meno mazuri na mpira uliokwisha kufa. Ongeza tyubu moja ya saizi hiyo, na seti moja ya beringi za gurudumu la mbele pamoja na sili na grisi.

Sasa zana. Wajapani hutumia zaidi boliti za kichwa cha 10, 12, 14 na 17, na ndizo spana ambazo fundi yeyote wa njiani anazo. Gari lako linataka pia 11 na 13. Boliti nyingi ndogo za Peugeot za zama hizo ni za milimita 7 zenye kichwa cha 11, na asiye na spana hiyo atatumia praizi, atakula kichwa, kisha atatoboa na kuweka boliti ya 8. Kwa hiyo beba spana zako mwenyewe kuanzia 8 mpaka 19, zikiwemo mbili za 11 na mbili za 13, soketi za saizi hizohizo, na mfuko wa boliti na nati za milimita 7, ambazo maduka ya boliti ya kawaida hayana. Ongeza bisibisi mbili, praizi, nyundo ndogo, taa ya kupimia umeme ya volti 12, tochi ya kuvaa kichwani, waya wa kufungia, vipande vya tyubu ya baiskeli, gundi ya chuma ya kuchanganya, na tepu ya umeme. Jeki iwe ya chupa, na uweke ubao mnene wa kuisimamishia, kwa sababu kingo za barabara ni za udongo na jeki huzama. Sehemu za kuinulia za jeki asilia nazo huwa zimeliwa na kutu kwa ndani. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Katika kupanga, vitu vizito vilale chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma, na si mwishoni mwa buti. Sehemu za umeme ziwe kwenye kopo lisiloingiza vumbi, mipira kwenye mfuko mweusi mbali na mafuta, na kila kitu kiandikwe jina lake kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa kuwa anayekitafuta anaweza kuwa mkeo wakati wewe umeshika waya chini ya boneti. Orodha yote ibandikwe ndani ya mfuniko wa sanduku. Pembetatu za kuakisi, tochi, jeki na spana ya gurudumu zikae juu, mahali zitakapofikiwa bila kushusha mabegi. Katika hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara inaikata kwa takriban kilomita 50, hutaki kuwa unapakua mizigo kando ya barabara jioni. Kwa sababu hiyo ondokeni alfajiri, mpite Mikumi asubuhi, na mlale Iringa.

Wiki mbili kabla ya safari, pakia gari kama litakavyokuwa siku hiyo, pamoja na familia, uende Chalinze na kurudi. Ukifika nyumbani, gusa rejeta, gusa kila kitovu cha gurudumu, kagua oili na maji, na uangalie sakafuni kesho yake asubuhi. Kitakachojitokeza hapo kitengenezwe kabla ya kuondoka, na kama kinakaribia kuisha tu, spea yake iingie sandukuni hata kama mimi sikuitaja.

Petroli kwenye dumu usiichukue. Vituo vya mafuta viko vingi kwenye barabara hiyo, dumu huvuja mvuke ndani ya buti lililo nyuma ya viti vya watoto, na wewe unaweza kujaza tangi linapofika nusu badala ya kusubiri liishe. Nafasi ya dumu hilo weka lita kumi za maji safi, zilizogawanywa katika vyombo viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha rejeta, na lita mbili za oili ya injini ya aina unayotumia sasa.